Tusimpeleke mwanamke kisuni kwa jibu la sindano moja

MALORI yalikuwa yamejipanga kutoka forodhani Malaba hadi mbali nisikoweza kuona mkia wa foleni, siku niliyopigiwa simu na kuambiwa kuwa binti ya mjomba wangu amepatikana na kansa ya titi. Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha chai, nikiwasikiliza madereva wakilalamikia karatasi ya mzigo ambayo ilikuwa imekosewa tarakimu moja tu, na ambayo kwa sababu yake lori zima la ngano lilikuwa limezuiliwa tangu jana yake. Jambo hilo limenirudia akilini mara nyingi baadaye. Tarakimu moja ilisimamisha lori. Neno moja, kama utakavyoona ndugu msomaji, nusura limkate mtu kiungo pasi na yeyote kulisimamisha.

Sitamtaja binamu yangu huyo kwa jina, wala sitaitaja zahanati iliyompima, kwani nia yangu si kumshtaki mtu. Ni mwanamke wa miaka 29, mchuuzi wa mitumba avukaye mpaka mara mbili tatu kwa wiki, na wakati huo alikuwa akimnyonyesha mtoto wa miezi saba. Alihisi uvimbe katika titi la kushoto, mgumu kiasi, usiouma. Tofauti na wengi wetu ambao hungoja hadi maji yazidi unga, yeye alikwenda kupimwa wiki hiyo hiyo. Alidungwa sindano nyembamba, kilichotoka kikapakwa juu ya vipande viwili vya kioo, na vioo hivyo vikasafirishwa hadi mji mwingine kusomwa. Baada ya siku kumi na moja jibu likarudi: chembe za saratani.

Usiku huo huo mtoto aliachishwa ziwa. Alilia hadi alfajiri, na mamake akalia naye. Mama mkwe alisema ni jicho baya la wenzake wa sokoni. Mchungaji akaja na mafuta yake. Mume, ambaye ni utingo wa malori yaendayo Kampala, akarudi nyumbani na kuuza ng'ombe wawili kwa bei ya kutupa ili zipatikane fedha za upasuaji. Siku ya kulikata titi ilikwisha kupangwa, Alhamisi, katika hospitali moja ya kibinafsi.

Aliyemwokoa si profesa wala mashine. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, alikokuwa amempeleka mwanawe kupimwa uzito, aliyemtazama na kumwuliza, "Mama, mbona mtoto amepungua hivi?" Akasimuliwa yote. Akauliza tena, "Je, uliwaambia waliokudunga kwamba unanyonyesha?" Binamu yangu akajibu, "Hawakuniuliza, sista." Ile fomu iliyoandamana na vioo, tuliyokuja kuiona baadaye, ilikuwa na jina, umri, na maneno matatu: uvimbe titi kushoto. Basi.

Tulimpeleka Eldoret. Huko alipigwa picha ya altrasaundi, kisha akachukuliwa kipande cha nyama kwa sindano nene. Ilichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu sitawasimulia. Jibu lilikuwa kwamba ule ni uvimbe wa unyonyeshaji, tezi za maziwa zilizojikusanya mahali pamoja, usio na saratani hata chembe. Daktari aliongeza kwamba mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hunywea wenyewe mtoto akiacha ziwa. Nao ulikuwa umekwisha kuanza kunywea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nimejifunza kwamba kosa lile halikuwa la ajabu. Ni kosa linalojulikana, lililoandikwa katika vitabu vya udaktari, na lenye sababu zake. Titi la mama anyonyeshaye ni kiwanda kifanyacho kazi usiku na mchana. Chembe zake zimetanuka, viini vyake ni vikubwa, na ndani ya kila kiini huonekana kidoto kilichokolea. Tena chembe hizo hutengana kwa urahisi na kutawanyika kiooni moja moja. Sasa mwulize msomaji wa vioo dalili za saratani ya titi ni zipi. Atakutajia viini vikubwa, vidoto vilivyokolea, chembe zilizotengana na wenzake. Iwapo hakuambiwa kwamba mwenye titi ana mtoto mgongoni, macho yake yatamdanganya, hata awe bingwa.

Wala kunyonyesha si mtego wa pekee. Upo uvimbe uitwao fibroadenoma, upatikanao sana kwa wasichana na wanawake vijana, ambao huteleza chini ya kidole kama gololi. Huo si saratani, na aghalabu hauhitaji hata kukatwa, lakini sindano ikiingia humo hutoka na chembe tele, na wingi huo humtia msomaji wasiwasi. Ndio uvimbe utajwao mara kwa mara zaidi pale palipotolewa jibu la uongo. Kuna vijiuvimbe viotavyo ndani ya mfereji wa maziwa, ambavyo kwa chembe chache za sindano ni vigumu mno kuvitenga na saratani. Kuna mafuta ya titi yaliyokufa kwa kugongwa, iwe ni usukani wa baiskeli, pembe ya ng'ombe, au ngumi ya mume (tusione haya kulisema hilo); jeraha likipona huacha kidonge kigumu kinachovuta ngozi ndani, kiasi kwamba kidole cha daktari na picha ya mamogramu vyote viwili vyaweza kuapa ni saratani. Na kuna kifua kikuu cha titi, ambacho ni nadra, lakini katika eneo kama letu, ambako kifua kikuu cha mapafu si mgeni, hakifai kusahauliwa.

Zaidi ya maumbile ya uvimbe, kuna mambo ya kibanda na barabara. Kioo chenye chembe, kama ni cha kutiwa rangi ya aina fulani, hutakiwa kitumbukizwe kwenye spiriti papo hapo. Kikikawia, hata kwa muda mfupi, chembe hukauka, hupanuka na kufura, na sura yake huharibika. Pangekuwa na mtaalamu kando ya mgonjwa, angeona kioo kimeharibika na kudunga tena. Lakini hapa kwetu anayedunga yuko Malaba, anayetia rangi yuko kwingine, na anayesoma yuko kwingine zaidi, na kinachowaunganisha ni bahasha ndani ya matatu. Madaktari wa patholojia nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Serikali ilianzisha mwaka 2015 mpango wa kukodi mitambo, ambao ulipeleka mashine za picha hadi hospitali za kaunti. Tulikodi mitambo, macho ya kuisoma hatukuyakodi.

Nisieleweke kwamba naichukia sindano nyembamba. Ilianza kuandikwa na madaktari wa New York mwaka 1930, ikapuuzwa huko kwa miaka mingi, kisha Waswidi wakaikuza katika miaka ya 1950 na 1960 hadi ikaenea ulimwenguni. Ilipendwa kwa sababu ni rahisi, hufanyika juu ya benchi bila usingizi wa dawa, na gharama yake haimfilisi mtu. Kwa hospitali yenye foleni kama za Busia hizo ni sifa kubwa. Udhaifu wake ni kwamba hutoa chembe zilizotawanyika, na haimwonyeshi msomaji jinsi zilivyokuwa zimepangika mwilini. Ni kama mtu akupe tofali kumi na akutake useme nyumba ilikuwa ya vyumba vingapi. Sindano nene hutoa kipande cha nyama chenye mpangilio wake, na kipande hicho huonyesha kama chembe zimevunja ukuta na kuvamia jirani, jambo ambalo ndilo saratani yenyewe. Pia hukiwezesha kipimo cha homoni ambacho madaktari hukihitaji kabla ya kuchagua dawa. Kwa sababu hizo vituo vingi vya saratani duniani leo hupendelea sindano nene kwa uvimbe wa titi wenye kushukiwa.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayotupotosha. Mahali penye wataalamu waliobobea, kosa la kuuita saratani uvimbe usio saratani ni dogo, aghalabu chini ya mawili katika mia. Mtu husikia hivyo akatulia. Lakini chukulia mfano wa wanawake 1,000 wenye uvimbe, na katika hao 100 ndio wenye saratani kweli. Sindano imewatambua 90. Katika wale 900 wasio na saratani, imekosea kwa mmoja tu katika kila mia: wanawake tisa. Basi walioambiwa wana saratani ni 99, na tisa kati yao hawanayo, yaani mmoja katika kila kumi na mmoja. Sasa chukua wanawake vijana, ambao saratani kwao ni haba zaidi, tuseme 20 katika 1,000. Sindano ile ile, kwa ustadi ule ule, itawatambua 18 na kuwasingizia kama kumi. Zaidi ya theluthi moja ya waliopewa habari mbaya watakuwa wamepewa habari ya uongo. Msomaji wa vioo hakuzembea popote. Kosa dogo, likipitishwa katika umati wa watu wazima wa afya, huzaa watu wengi. Na mimi nimefanya hesabu hii kwa ustadi wa mabingwa, sembuse vioo vilivyokauka ndani ya bahasha.

Ndiyo maana wataalamu hawakubali jibu la sindano litembee peke yake. Mwezi wa Septemba mwaka 1996 walikutana Bethesda, nchini Marekani, wakaafikiana kwamba jibu hilo liwekwe pamoja na mengine mawili: kile ambacho mkono wa daktari umekihisi na kile ambacho picha imekionyesha. Yakipatana yote matatu, daktari ana msingi wa kuendelea. Yakipingana, hakuna kisu. Hutafutwa kipande cha nyama kwanza. Utaratibu mpya zaidi wa kuandika majibu, uitwao wa Yokohama na uliochapishwa mwaka 2020, unayagawa majibu katika ngazi tano: kilichotolewa hakitoshi, si saratani, si ya kawaida, inashukiwa, ni saratani.

Hapo kwenye ngazi mbili za kati ndipo lugha inapotutenda. Jibu huandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Malaba huenda akawa anafikiri kwa Kiteso, wa Busia kwa Kikhayo au Kisamia, na wote wawili huzungumza na mhudumu kwa Kiswahili cha sokoni. Daktari wa mbali ameandika kwa uangalifu kwamba chembe si za kawaida, kwamba anashuku, kwamba anaomba kipimo kingine. Karatasi ikifika dirishani, mhudumu huitazama, hutafuta neno moja la kumpa mama aliyesimama mbele yake na mtoto mgongoni, na neno lililo karibu ni "kansa". Shaka yote ya mwandishi imepotea njiani. Nimeiona karatasi ya binamu yangu. Haikuandika kwamba ni saratani bila shaka. Ilisema chembe "zinaelekea" kuwa za saratani, na chini yake palikuwa na mstari unaoomba maelezo zaidi ya mgonjwa. Mstari huo hakuna aliyemsomea.

Wala tusijidharau tukadhani ni mambo ya kwetu peke yetu. Mwaka 2009 katika mji wa Windsor nchini Canada, mwanamke mmoja aliondolewa titi ilhali jibu la sindano lilikuwa limesema wazi kwamba hana saratani; daktari mpasuaji ndiye aliyeisoma karatasi vibaya. Tofauti ni kwamba kule karatasi ilikuwapo, vioo vilikuwapo, na kosa likafuatiliwa hadi mwisho wake. Kwetu, titi likishakatwa, nani atauliza? Mgonjwa aliyekatwa titi lisilo na saratani huishi miaka mingi, na kijiji kizima humshukuru daktari kwa kumponya.

Nalijua jambo ambalo baadhi ya wasomaji watanipinga nalo, na wana haki. Watasema: wewe unawatisha wanawake ili wasiende hospitali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee wanawake karibu 6,800 nchini Kenya walipatwa na saratani ya titi, na zaidi ya 3,000 walikufa kwayo. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa mno. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha juhudi zake mwaka 2021 lilitaka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na hapa kwetu siku 60 huisha mtu akitafuta nauli tu. Aidha kosa la upande wa pili, yaani sindano kuipita saratani na kusema hakuna kitu, hutokea mara nyingi zaidi kuliko hili ninalolizungumzia, na hilo huua.

Nakubali yote hayo. Lakini habari za titi lililokatwa bure husafiri kuliko tangazo lolote la redio. Mwanamke mmoja akitendewa hivyo Malaba, kufikia siku ya soko itakuwa imefika Amukura, Adungosi, na ng'ambo hadi Tororo, na wanawake hamsini wenye uvimbe watauficha na kwenda kwa mganga wa miti shamba. Ukimya wetu hautawazuia kusikia. Heri wasikie pamoja na maelezo ya nini cha kufanya.

Sisi wa mpakani, isitoshe, hatuhitaji kufundishwa kwamba kipimo chaweza kubishaniwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori ilinyoosha kilomita nyingi kutoka mpakani huku madereva wakingojea majibu ya maabara, na hakuna dereva aliyeona aibu kuuliza ni nani aliyepima, lini, na kama yaweza kupimwa tena. Mbona mama mwenye uvimbe aone aibu? Na tangu Februari 2018, ulipozinduliwa ule mpango wa maofisa wa nchi mbili kufanya kazi chini ya paa moja pale Busia, karatasi za mzigo zinazungumza kutoka upande huu hadi ule. Karatasi za wagonjwa bado hazizungumzi. Jamaa zetu Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Mama hupimwa huku akaenda kusomewa kule, kwa jina la ubatizo upande mmoja na la ukoo upande wa pili, na vioo vyenye majina mawili ya mtu mmoja, au jina moja la watu wawili, ni hatari ambayo hata hadubini bora haiwezi kuiona. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpaka huu huu. Yamkini tungeweza kuvusha na faili.

Ninayoyaomba si ya bei ghali. Fomu iandamanayo na kioo iwe na nafasi ya kuuliza kama mgonjwa ana mimba au ananyonyesha, kama aliumia titi, kama kuna kifua kikuu nyumbani. Wino wa maswali hayo hauzidi shilingi. Jibu la sindano nyembamba litumike kufungulia mlango wa uchunguzi, na pasiwe na titi litakalokatwa kwa jibu hilo peke yake bila picha na bila kipande cha nyama pale yanapopingana. Sindano nene ipatikane Busia kwenyewe, na bima ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024 ihesabu kupimwa mara ya pili kuwa sehemu ya tiba, maana dawa za saratani kumpa asiye na saratani ni hasara kwa mfuko ule ule. Na anayetoa jibu amsomee mgonjwa karatasi nzima, kwa lugha aielewayo, hadi mstari wa mwisho.

Tena kuna hili la vioo. Vioo havifi, vikitunzwa huweza kusomwa na jicho la pili miezi au miaka baadaye. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mwananchi haki ya huduma yenye ubora ufaao, na kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mwingine ikiwa anaihitaji ili kulinda haki yake. Kioo chenye chembe za mwili wangu, kama si habari yangu, basi ni cha nani?

Binamu yangu alirudi kule alikodungwa mara ya kwanza, si kwa ugomvi, akaomba vioo vyake viwili ili daktari wa Eldoret avitazame. Akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa anayehusika yuko safarini. Alikwenda mara nne, kila mara akipitia pale akitoka sokoni na furushi lake la mitumba kichwani. Mara ya mwisho walimpa nakala ya ile karatasi. Vioo bado hajavipata.